Hesabu ya Watu na Hesabu ya Vibanda

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa Kasubi tu wazima. Mdogo wako amerefuka, sasa ananiangalia kutoka juu kama mlingoti.

Umeuliza kama kuna haja ya Mwafrika kugombea ukuu wa taasisi kubwa ya maendeleo ya dunia, ikiwa nchi yenye hisa nyingi ndiyo humtoa mkuu kila mara.

Mimi niligombea uenyekiti wa soko letu pale Nakivubo, nikiwa na kibanda kimoja cha nyanya. Mikono sitini na minne ilininyanyukia. Ya Haji, mpinzani wangu, ilikuwa kumi na mmoja. Ndipo katibu akasema kura ni za vibanda, si za watu. Sisi tulikuwa na kimoja kimoja. Wale kumi na mmoja walikuwa na tisini.

"Haji," nikamwambia mbele ya wote, "tangu lini kibanda kinanyoosha mkono?"

Soko likacheka. Naye akacheka, akakalia kiti. Mpaka leo inaniuma, sikufichi.

Lakini nilimzuia katibu asifunge daftari mpaka asome hesabu zote mbili kwa sauti. Jumatatu Haji akaja kwangu mwenyewe.

"Mama, hao sitini na wanne wako wanataka nini?"

"Mfereji."

Ukachimbwa.

Basi huyo Mwafrika wenu agombee, mwanangu, nanyi mdai hesabu ya watu isomwe kando ya ile ya hisa. Kiti sikukipata, lakini tangu siku ile Haji hakuthubutu kusema kwamba sisi wengi ndio tuliomchagua.

Bibi yako, Jaja, anayekupenda kuliko unavyojua kuhesabu.