Unyoya wa Manyika

Jumatatu, 10 Mfunguo Mosi 1327

Nimefua nazi toka asubuhi. Kifuo, ule mti wa ncha wa kufulia, kimelegea, nimekichimbia upya. Mikono inauma. Mwanahawa kaja kuchukua makumbi ya nazi. Huyafukia pwani yaoze, kisha husokota kamba. Kasema: "Mjomba wako kafika kwa amu yangu." Nikatazama chini kama mjinga.

Jioni mjomba Hamadi karudi na jibu. Bwana Seif, amu yake Mwanahawa, hakukataa posa. Anataka niende mwenyewe Ijumaa, nimwambie babu yangu mzaa baba alikuwa nani. Nikishindwa, sipati mke.

Babu namjua kwa neno moja tu. Dhahabu.

Jumanne, 11

Nimepeleka mbata mjini. Mbele ya nyumba ya mawe ya Bwana Seif nikavua makubadhi, nikayavaa tena nilipoupita msikiti. Navua hapo toka mdogo. Baba alivua. Sijawahi kuuliza kwa nini.

Nimemuuliza bibi juu ya mumewe. Kasema upesi upesi: tajiri wa Kilwa, alinunua dhahabu Manyika, huko bara nyuma ya Sofala. Nikamuuliza mali ikaenda wapi.

"Ikaliwa. Wewe unadhani ulinona kwa nini?"

Sijanona hata siku moja. Na bibi akidanganya hujikuna goti. Kajikuna sana.

Jumatano, 12

Nimeifungua hirizi ya kwetu. Kila mtoto huvishwa kabla ya arobaini yake. Mrija wa unyoya wa ndege mkubwa, umezibwa kwa nta. Mie niliutafuna, alama za meno zipo. Nilitaka niikute dhahabu ya babu ndani, nikamwonyeshe Bwana Seif.

Mchanga. Mchanga mwekundu, hauna hata chembe inayong'aa.

Bibi kaniona. Nikadhani atanipiga. Kakaa chini, kasema yote.

Babu hakununua dhahabu. Alichimba. Alinunuliwa angali mtoto, akapelekwa Manyika, akashushwa mashimoni kwa kamba. Wakishaosha udongo, dhahabu hutiwa ndani ya unyoya, unazibwa, anapewa bwana. Bwana mwenyewe ni babu yake Seif. Siku ya mwisho babu aliiba unyoya mtupu, akatia mchanga wa shimo lake.

"Dhahabu ilikuwa yao," kasema bibi. "Mchanga ulikuwa wake."

Waliporudi, chombo kilitia nanga Kisimani, hapa kwetu, kuteka maji. Babu akashuka na mtungi, asirudi tena. Walipokuja kumjua alishakuwa mtu mzima, ana mke na watoto. Bwana akasema: kaa huko huko, ila ukipita kwangu, wewe na wanao, mtavua viatu.

Kumbe.

Alhamisi, 13

Sikugusa kazi. Nina hasira. Si kwa babu.

Bibi kasema nisiende. Seif anajua kila kitu, anataka kunicheka mbele ya watu. Mjomba kasema niende, niseme tajiri wa Kilwa, nani atamfufua aulizwe.

Mie hata kusalimu watu naona haya.

Nitakwenda.

Ijumaa, 14

Baada ya sala. Nimekwenda na mjomba na sinia la posa, makubadhi miguuni mpaka barazani. Nimeyavua penye mkeka, wanapovua wote. Nikasema shikamoo. Bwana Seif hakuitika. Alitazama miguu.

"Leo nyayo zinakuuma?"

Watu wakacheka. Nikasema haziumi.

Akauliza la babu. Mjomba kanifinya. Nikauweka unyoya na mchanga wake juu ya sinia letu, penye tambuu. Nikasema babu yangu alichimba dhahabu Manyika, na nyumba hii aliichimbia yeye, na huu mchanga ni wa shimo lake. Nyuma ya pazia zikalia bangili, nikajua Mwanahawa anasikia.

"Mjukuu wa mtumwa," kasema Bwana Seif, "unamtaka mtoto wa ndugu yangu?"

Nikasema namtaka.

Kasema sinia litarudi kesho, yaani posa kaikataa. Nikavaa makubadhi pale pale, nikaondoka polepole.

Karibu na nyumbani mjomba kasema, "Hata tambuu sikuonja." Kisha kanishika bega, hakuliachia mpaka mlangoni.

Jumamosi, 15

Sinia limerudi. Kalileta mama mmoja wa kwao, limefungwa kitambaa. Kasema Mwanahawa kalifunga mwenyewe, hakumwachia mtu.

Tambuu imo. Karafuu zimo. Shuka imo. Unyoya haumo.

Nimetoa vyote, nimekung'uta kitambaa. Haumo.

Bibi kaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Kasema, "Basi kaubakiza Mwanahawa." Goti hakuligusa.

Nimerudi kwenye kifuo. Makumbi marefu nimemwekea Mwanahawa kando.