Lugha Iliyobaki kwa Kambale

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Uji. Dawa. Mazoezi ya mkono wa kuume. Wiki ya tatu tangu mume wangu Kambale apate kiharusi. Kutembea anatembea. Kuongea anaongea, lakini Kinande tu, lugha ya kwao Butembo. Kifaransa kimeondoka. Kiswahili pia, na ndicho tulichooana nacho. Mimi ni wa hapa Bukavu. Miaka ishirini na sita, Kinande sikujifunza.

Jumatano, tarehe 5
Daktari anasema lugha ya utotoni imesalimika, nyingine huenda zikarudi. Nikamuuliza mimi nimebaki sehemu gani ya ubongo wake. Akaendelea kuandika dawa.

Ijumaa, tarehe 7
Kaka yake Paluku amefika. Wameongea mchana kutwa. Kambale amecheka. Nilikuwa jikoni, nikaona wivu, wivu mbaya.
Baadaye Paluku akaniambia: "Shemeji, nitarudi naye kwetu. Hapa anaishi sawa na bubu. Nimepata nafasi ndani ya camion, siku ya kwanza."
Lori la Jumatatu, basi. Njia ya Butembo leo inafunguliwa, kesho inafungwa. Akienda, sitamwona tena.

Jumamosi, tarehe 8
Namchukia Paluku. Anachosema ni kweli, kwa hiyo namchukia zaidi. Nimefua mashuka yote. Nguo za Kambale ziko tayari kwenye mfuko, sikuzifunga mimi.

Jumapili, tarehe 9
Baada ya misa nimemwita jirani, Mama Kavira, Mnande. Nimegundua kwamba sote tunapanga na hakuna aliyemuuliza Kambale. Paluku alikasirika, akabaki.
Mama Kavira akamuuliza kwanza kama ananijua. Kambale akanitazama muda mrefu.
"Anasema hakumbuke jina yako," Mama Kavira akasema. Kisha akasikiliza tena. "Anasema wewe unalalaka upande wa ukuta. Ukikasirika, unafuaka nguo zenye ziko safi."
Akamuuliza kuhusu safari. Kambale akajibu kwa ufupi, akimwelekea kaka yake. Paluku akainamisha kichwa.
"Anabaki," Mama Kavira akasema. "Anasema ataenda kusalimia, lakini na wewe, bibi yake."
Nilitoka nje kulia.

Jumatatu, tarehe 10
Paluku ameondoka asubuhi. Tumeagana vizuri kidogo.
Alasiri tumechambua maharagwe, sinia moja, mimi na Kambale. Alitumia mkono wa kushoto. Mvua imenyesha, ikaacha. Tumeendelea.