Mtaa Tuliojenga Kwenye Kompyuta

Kaka yangu Masunga, nakusalimu kwa Kisukuma chetu: mwadila,

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, chama cha ushirika kilikupunguza kazini, ulikokuwa ukichora ramani za mashamba. Ulirudi nyumbani na kompyuta ya mtumba kutoka Mwanza, ukasema tutachapa barua za watu. Wateja walikuwa wachache. Mchana, tukiwasubiri, tulicheza ule mchezo wa kujenga mji.

Mimi nilipenda barabara zilizonyooka na nyumba zilizobanana. Wewe ulicheka.

"Kabula, pembeni mwa mji uliona wapi hivyo? Huyu analima mahindi hapo hapo, yule ameweka msingi tu anasubiri kuvuna pamba."

Ukapindisha barabara zifuate bonde, ukaacha uwazi wa kupitisha ng'ombe, shule ukaiweka mbali kama yetu. Ulikuwa mtaa wa kweli kabisa, nawe ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu upunguzwe kazini.

Halafu siku moja nikachoka na shida, nikakuambia, "Mtu mzima kuchezea vinyumba! Vinatulisha?" Ulienda Nyashimo kutafuta vibarua, nami kwa hasira nikaufuta mji wote.

Uliporudi ulikuwa mgonjwa, umekonda. Ombi lako la kwanza lilikuwa, "Niwashie mtaa wetu, niuone."

Nilidanganya kwamba kompyuta ni mbovu. Siku nne, ukiwa umelala chumba cha pili, niliujenga upya kwa kumbukumbu. Siku ya tano mama na mimi tulikushika mikono hadi kwenye kiti. Uliangalia, kisha ukagusa kioo.

"Hapa palikuwa na bonde."

Nikaangua kilio.

"Usilie, mdogo wangu. Nilijua. Nilikuwa nakusikia ukibonyeza. Haya, tulichimbe tena."

Ukawa unanielekeza, mimi nachimba, mpaka ukaomba kulala. Hukukaa tena kitini. Wiki hiyo hiyo tulikuzika kijijini Kiloleli, kando ya kaburi la baba.

Watu husema nilikuuguza vizuri. Nikisikia hivyo natoka nje. Siku ile nililia tu, kaka. Neno lenyewe sikulitamka, nikakuacha wewe mgonjwa unibembeleze mimi mzima. Miaka yote hii limenikaa kooni.

Nisamehe, Masunga. Nilikosa.

Lala salama.

Mimi mdogo wako,
Kabula