Sauti ya Shangazi na Sarafu za Mtandaoni

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana huo ukilala unaisha.

Nimetoka Chamwino kwa shangazi sasa hivi, hata viatu sijavua.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: naandika matangazo, hapa Dodoma mjini. Saluni, vifaa vya ujenzi, nyumba za wageni. Juzi juzi nikampata Baraka, kijana aliyemaliza chuo kule Chimwaga. Ana programu ya simu ya kununulia sarafu za mtandaoni, zile zisizoshikika mkononi, leo bei iko juu, kesho iko chini. Alitaka tangazo la vijijini. Mjini, alisema, watu wameshachoka kutapeliwa.

Hapo tu ningeshtuka. Sikushtuka.

Makosa ya matangazo ya namna hii nayajua, hata wenzangu nimewahi kuwafundisha. Usiahidi faida. Usimpige mtu picha ameegemea gari lisilo lake. Usiandike neno ambalo mwenyewe ukiulizwa unaanza kujikuna. Na usifiche hasara. Nikakaa chini nikayakwepa yote. Niliandika wazi kabisa kwamba bei inaweza kushuka na ukapoteza fedha zako zote. Baraka alinuna, nikamkazia. Nikajiona mwadilifu kweli kweli.

Halafu nikatafuta sauti.

Shangazi Dorkasi ndiye mtangazaji wa kijiji chao. Hajaajiriwa na mtu. Ana sauti tu, na miaka yote ndiye anayezunguka na kipaza sauti: chanjo ya watoto, mkutano wa kijiji, mahindi ya msaada yamefika, fulani amefariki. Akianza na "Mbukwenyi!", ile salamu yetu ya Kigogo, watu wanaweka majembe chini. Nikasema, mimi mjanja, sauti ndiyo hii.

Kabla ya kurekodi aliniuliza, "Nyemo, hiki kitu wewe unakijua?"

Nikamjibu, "Nakijua, shangazi."

Hakuuliza tena. Mtoto wa kaka yake ameshasema, aulize nini?

Alhamisi bajaji yenye spika ikapita kijijini ikiicheza ile rekodi. Ijumaa asubuhi watu wakajaa uani kwa shangazi. Hakuna aliyekuja kununua. Walikuja na vitambulisho vya taifa, wamejipanga foleni wenyewe, kina mama na watoto mgongoni, kwa sababu sauti ile haijawahi kuwatangazia kitu cha hiari. Ikisema njooni, wanakwenda. Wakaunganisha mambo wenyewe: serikali imeleta fedha ya kwenye simu, na asiyejisajili atapoteza aliyonayo. Onyo langu, lile nililojivunia, ndilo lililowatoa mbio. Mzee Ndahani alileta noti zake za siku nyingi zimefungwa kwenye kitambaa, akamwomba shangazi ambadilishie kabla hazijakataliwa dukani.

Shangazi alishinda kutwa nzima akieleza kwamba lilikuwa tangazo la biashara. Wengine walimwelewa. Wengine waliondoka wakimtazama kwa jicho ambalo hajawahi kutazamwa nalo.

Nilimpigia Baraka kumwambia tusimamishe. "Dada, si ndicho tulichotaka? Watu wametoka!" Bajaji ilikuwa imeshapangiwa kwenda Buigiri Jumatatu. Na alikuwa ameniahidi matangazo yake yote ya mwaka huu. Nikamwambia ngoja nifikirie.

Eti nifikirie.

Jana akafariki jirani yake shangazi, mama aliyeumwa muda mrefu. Leo asubuhi shangazi akazunguka na kipaza sauti kutangaza maziko. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi, nikaishia kumfuata nyuma nikila vumbi. "Mbukwenyi!" Hakuna aliyeacha alichokuwa akifanya. Kwenye nyumba moja mwanamke alitoka akifuta mikono, akaamkia vizuri, shikamoo na heshima zote, wala hakuwa na ubaya. Kisha akauliza:

"Dada Dorkasi, huyu amekufa kweli, au kuna mtu amekulipa?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Amekufa kweli, mdogo wangu," shangazi akajibu. Akalirudia jina la marehemu, taratibu, kisha tukaenda nyumba inayofuata.

Makaburini tulikuwa wachache, wazee wakawa wanapokezana majembe na vijana. Sijawahi kuona msiba wa Chamwino ukikosa watu. Tulipotoka nikampigia Baraka pale pale, shangazi akisikia. Nikamwambia sauti ile isisikike tena popote, Buigiri wala kwingine, na kazi zake nyingine atafute mtu. Amekubali kuifuta. Nadhani kilio changu kilimtisha.

Shangazi hakunigombeza. Heri angenigombeza. Wakati wa kuaga alinikabidhi kipaza sauti. Wiki hii kuna chanjo ya watoto, na muuguzi anatoka mbali.

"Utatangaza wewe," akasema. "Mimi kwanza nikae ndani, wasije wakadhani chanjo nayo nimelipwa."

Alisema hivyo huku akinifungia karanga za kubeba, kama kawaida yake. Nimelia njia nzima.

Nitakwenda. Nitapita nyumba kwa nyumba, kwa miguu, niwaambie kwanza kwamba lile tangazo ni mimi niliyeliandika na shangazi alinisikiliza mimi. Ndipo niseme habari ya chanjo. Sijui kama watanisikiliza, sauti yangu hakuna anayeijua. Mama wale wakibaki ndani na watoto wao, nitarudi kumwambia nini shangazi?