Doa la buluu chini ya mti

Alhamisi, Lindi. Jua limechoma mpaka bati linalia, nami sijatoka hata jasho. Sijui limekwenda wapi.

Mimi niliyepika kwenye meli za Wagiriki, niliyezurura bandari ambazo ninyi mnaziona kwenye mpira tu, leo nimeshindwa kumeza andazi moja la asubuhi.

Kesho tunasoma hitima ya arobaini ya mke wangu, Zainabu. Sebule inafagiliwa, mikeka imeletwa, picha zenye watu zinashushwa kwa sababu humo watasali. Picha yetu ya harusi imekwenda chini ya kitanda. Nimeitazama ikienda kama mzigo wa jirani.

Ikabaki ya mti kando ya maji. Niliinunua Marseille. Ni nakala ya kazi ya wale Wafaransa wa zamani waliochora kwa madoadoa. Ukiisogelea, ni rangi imemwagika. Ukirudi hadi mlangoni, mti unasimama na maji yanatembea. Siku ya kuitundika nilitoa hotuba, profesa mzima wa darasa la sita. Zainabu akasema, "Yaani umeninunulia picha ya kutazama nikiwa natoka!"

Halafu akaliona doa la buluu chini ya mti.

"Huyu ni mimi. Nakungoja wewe na meli zako."

Hakubadilisha kauli hiyo maisha yake yote.

Leo dada yake, Mwanahawa, kapanda juu ya kiti.

"Shemeji, mti hauna neno. Ila hili la buluu, si mtu hili?"

"Rudi nyuma ndo utaona."

Akashuka, akarudi mlangoni. "Mimi naona mtu. Wewe ndiye uliyetembea dunia, sema. Akiwa mtu, tunaishusha."

Wanawake wakaacha kufagia. Mimi ndiye redio ya mtaa huu, wakawa wanangoja wacheke.

"Kichaka hicho," nikasema. "Ulaya vipo vya buluu."

"Makubwa! Hata vichaka vyao vinavaa khanga?"

Wakacheka. Nami nikacheka, mdomo tu.

Picha haikuguswa. Walipoondoka nikasimama mlangoni, pale panapofaa. Mti upo. Maji yapo.

Naona kichaka.

Nimekodoa, nimefumba jicho moja, nimesogea, nimerudi. Kichaka. Wala sikulia.

Kesho nitavaa kanzu, nitapokea watu, nitawatania wale pilau washibe. Hilo naliweza. Lakini leo mimi nimembakiza Zainabu ukutani, au nimemtoa kwa mdomo wangu mwenyewe?