Siku Bahari Ilipotuacha Mchangani

Kahama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Bibi yako hajambo, mpunga tumeshavuna, na ndama wa juzi ameanza kusumbua majirani.

Unauliza kama uende kuvua na huyo mwongozaji wa huko Tanga. Nenda, ila akisema mrudi, rudini.

Mimi nilikwenda nikiwa kijana, pamoja na Masanja, binamu yangu wa Chato. Jioni ileile tulitakiwa kupanda basi kwenda huko Chato kumposa bibi yako, na yeye ndiye alikuwa mshenga. Mwongozaji wetu, Bakari, alitupeleka kwenye maji ya kina kifupi, na changu wakawa wanakula chambo vizuri. Adhuhuri akasema, "Jamani, maji yanatoka. Tuondoke."

"Yatoke yaende wapi?" Masanja akamjibu. "Mimi nimekulia ziwani, kaka."

"Hili si ziwa."

"Basi samaki mmoja tu."

Akampata mmoja, akataka mwingine, mpaka mtumbwi ukakaa mchangani kama ng'ombe aliyegoma. Maji yaliporudi, basi lilikuwa limeshaondoka.

Tulifika Chato tumechelewa siku nzima. Nikaeleza kwamba bahari ilituacha. Baba wa bibi yako, mvuvi wa ziwani tangu utotoni ambaye hajawahi kuona maji yakitoka, akanitazama.

"Kijana, hata kudanganya hujui."

Nikamgeukia Masanja anitetee. Akasema yeye hakumbuki vizuri.

Aliyeniamini ni bibi yako peke yake. Alimwambia baba yake kwamba yeye anamfahamu Masanja: samaki mmoja hamtoshi.

Ni mimi babu yako,
Luhende