Magunia Arobaini na Moja ya Ng'ambo ya Bikoni

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Migori

Oda imekuja. Magunia mia moja na ishirini ya pilipili kavu, ya kwenda Uholanzi. Lori lazima liondoke Jumanne ijayo. Bw. Onchiri, meneja wa ofisi yetu ya kuuza pilipili, alinunulia ofisi nzima soda – ofisi nzima ni yeye, mimi na taipureta.

Halafu akaniwekea mezani fomu ya cheti cha asili, kinachoonyesha mazao yamelimwa nchi gani. Chini ya Mkataba wa Lomé, wa biashara kati ya Ulaya na nchi kama zetu, pilipili yetu ikiwa na cheti hicho haitozwi ushuru Ulaya. Bila cheti inatozwa, na mnunuzi ameshasema kwenye simu kwamba atachukua kwingine. Wakulima wetu wote walikuwa watu wa tumbaku. Ni misimu miwili tu tangu waonje kitu kingine.

Chini ya fomu kuna mahali pa sahihi ya karani: nathibitisha kwamba niliyoandika ni kweli. Jina langu, si la meneja. Nimeisoma mara nne. Sijaandika hata herufi moja.

Jumatano, 7 Agosti

Kegonga, kukagua magunia. Alinipokea Nchagwa, katibu wa wakulima. Maneno mengi, viatu vya mpira, kofia ya sufu juani.

Katikati ya shamba lake kuna bikoni, jiwe la mpaka wa Kenya na Tanzania. Alilivuka, akageuka.

"Madam karani, sasa nakuongelesha nikiwa Tanzania. Unanisikia vizuri?"

Wanawake waliokuwa wakianika pilipili walicheka. Mmoja akamwambia arudi haraka, kule hana kitambulisho. Mimi sikucheka. Niliuliza: kati ya magunia haya, mangapi yamelimwa upande huo?

Akahesabu kwa vidole. Arobaini na moja, ya familia kumi. Boma liko huku, shamba la babu liko kule. Hakuficha chochote. Hakujua kuna cha kuficha.

Niliandika 41 kwenye daftari. Njia nzima ya kurudi nilitamani nisingeuliza.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemwambia Bw. Onchiri. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Beverlyne, pilipili ina pasipoti? Andika Kenya, yote, mia na ishirini."

Suleman, mwenye lori, alikuwa pale akinywa chai yake. Akaniambia, "Binti, Mzungu akiwashwa mdomo hatauliza ni ya upande gani."

Nikasema Ulaya wakigundua tutanyimwa cheti siku zote. Sauti yangu ilitoka nyembamba, kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Basi toa hayo arobaini na moja, akasema meneja. Lakini, akaongeza, mtu wa kampuni ya tumbaku ameshaonekana Kegonga na pikipiki yake, anaahidi mbolea. Tukiyakataa magunia yao, zile familia kumi ni zake.

Nisiandike uongo. Nisiwaache. Sijui njia ya tatu.

Ijumaa, 9 Agosti

Ipo. Njia ya tatu ipo!

Nyuma ya kopo la majani ya chai kuna kitabu cha kanuni za mkataba. Kiingereza kigumu, kurasa zimeshikana. Nimekisoma saa ya chakula, na baada ya chakula. Kwa mambo ya asili, nchi zetu zilizo kwenye mkataba zinahesabiwa kama eneo moja. Tanzania imo kwenye orodha! Kilicholimwa kule kinahesabika, mradi mkulima aandike tamko kwamba ni chake na kimelimwa wapi.

Ukweli hautozwi ushuru. Tunataka kudanganya bure.

Nilimpelekea meneja ukurasa wenyewe. Hakucheka safari hii. Alisema kwa upole, na upole wake ulinitisha zaidi: nikiandika Tanzania, ofisa wa vyeti atauliza magunia yalivukaje mpaka, kwa kibali gani. Atashikilia shehena. Meli itakwenda. Akatoa fomu aliyopiga taipu mwenyewe. Kenya, mia na ishirini. Imebaki sahihi yangu tu. Nina mpaka Jumanne. Kuna mpwa wake amemaliza kozi ya ukarani, akaongeza, kama mtu anayetaja habari za mvua.

Kodi ya chumba. Karo ya mdogo wangu. Nimeogopa kutwa nzima. Nimechoka kuogopa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeomba ruhusa ya hospitali. Nimekwenda Kegonga. Uongo mmoja huo ninao, naukubali.

Wakulima kumi, mmoja wa kila familia, walikusanyika kwenye kibanda cha mizani. Nilieleza. Mama mmoja, Robi, akasema: leo tuandike tuna shamba Tanzania, kesho askari aje na karatasi hiyo hiyo. Nilimwambia siwezi kumwahidi kwamba askari hatakuja, ila jina langu litakuwa kwenye fomu juu ya majina yao.

Nchagwa alivua kofia. "Nalima shamba la baba yangu. Sikuiba." Akatia sahihi, kubwa, imetoka nje ya mstari. "Haya, mtu wa tumbaku akija mwambieni mbolea yake atie kwenye ugali."

Mwisho kabisa Robi alichovya kidole gumba kwenye wino. Alikikandamiza kwa nguvu, kama anaziba tundu.

Jumanne, 13 Agosti. Homa Bay

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya mlango wa ofisa wa vyeti. Lori la Suleman liko barabarani, limefunikwa turubai. Yeye ananitazama kupitia dirisha la lori na kuonyesha saa.

Nimeingiza fomu yangu. Kenya sabini na tisa, Tanzania arobaini na moja. Matamko kumi yamebanwa nyuma. Ofisa, mama mwenye miwani ya kamba, alisoma polepole. Alifika kwenye alama ya Robi, akaigusa.

"Nani alikuambia unaweza kuandika hivi?"

Nilimwonyesha ukurasa. Akauchukua pamoja na vyote, akaingia chumba cha ndani. Simu inazungushwa huko. Mhuri umebaki mezani, nauona kutoka hapa.

Suleman amekuja mpaka mlangoni. "Binti, si una ile nyingine ya bosi? Mpe hiyo, twende. Kwa nini ujitie matatani?"

Ninayo. Ilikuwa chini ya faili tangu asubuhi. Sahihi moja tu na lori linaondoka.

Nimeitoa. Nimeichana mara mbili, vipande vinne, nikampa Suleman avishike. Amebaki amefungua kiganja.

Sasa ipo fomu moja tu.

Simu imewekwa chini. Viatu vinakuja, si vya yule mama.

"Karani wa pilipili ni nani?"